Chokaa ya Mjomba Kitbok

Ibanri, uko wapi? Kuna jambo hapa pangoni, na mama yangu asijue.

Nawaonyesha wageni lile jiwe refu linaloning'inia. Nawaambia maji hupenya mwamba wa chokaa, kila tone likaacha chembe, unene wa ukucha ni miaka mia.

Bibi mmoja akaligusa. "Mbona bichi hili, binti?"

Bichi, Ibanri. Limevunjwa, kisha likabandikwa tena.

Bibi akanusa kidole. "Hii chokaa ya tambuu, ile ya kutafuna."

Mjomba Kitbok, msimamizi wetu, akanikaripia eti wageni wangu ndio wamelivunja.

Halafu akaniomba chokaa ya tambuu. Mjomba. Eti kopo lake limeisha.

Ibanri, kopo hilo nimemjazia mimi mwenyewe jana.