Hina ya Mwamvua

Jumatano, Chemchem, Tabora. Upepo wa kiangazi umeamka pamoja nasi leo, na vumbi limelifanya jua kuwa jekundu tangu lilipochomoza. Sasa ni alasiri. Midomo imenikauka, na si kwa sababu ya vumbi.

Naandika kwa kuwa siwezi kukaa bure.

Nimekosea. Acha niliandike hapa kwanza, kabla sijasimama mbele ya Bwana Daktari kulisema.

Huu ni mwaka wangu wa sita nikiwa dresa wa zahanati hii. Nafunga vidonda, nagawa dawa, nachanja watu ndui. Lakini sifa yangu mjini ni kutambua upele wa watoto. Mama akiwa bado mlangoni na mtoto mgongoni, mimi nimeshasema. Surua naijua kwa macho mekundu, makamasi na kikohozi, hata kabla upele haujaanza kushuka kutoka nyuma ya masikio. Tetekuwanga naijua kwa malengelenge yake laini yanayojaa kifuani na mgongoni, mengine mapya, mengine yamepasuka, mengine yamekauka, yote kwa mtoto mmoja siku moja. Wanawake wa Chemchem wananiita Bwana Macho.

Nililipenda jina hilo mno.

Ndui nilikuwa naijua kwa daftari la mafunzo tu, na kwa uso wa Mama Nyamizi. Huyu ndiye anayetufagilia zahanati. Ilimpata akiwa mtoto, misafara ilipokuwa bado inapita hapa kwenda na kurudi Ujiji, ikamwachia mashimo usoni na jicho moja. Ana ulimi wa wembe. Heshima anayonipa ni kuitikia shikamoo yangu, basi.

Jumamosi Bi. Zuhura alikuja mbio, jasho linamtoka, kamshika mkono binti yake Mwamvua, mtoto wa miaka mitano. Walikuwa wanakwenda Kaliua kwenye arusi ya mdogo wake. Mizigo ilikuwa stesheni tayari na ndugu wamekaa juu yake. Mkata tikiti alikuwa ameona vipele usoni mwa mtoto, akakataa: mwenye upele hapandi gari moshi bila cheti cha zahanati.

Nilimtazama mtoto. Hapa inabidi niwe mkweli, maana daftari hili halina mtu wa kumdanganya isipokuwa mimi.

Alikuwa amepambwa kwa arusi. Uso ulipakwa liwa, ukakauka na kuwa kama udongo uliopasuka. Viganja na nyayo vilikolea hina hadi kukaribia weusi, kwa sababu mama yake hakutaka binti aonekane mkiwa huko ugenini. Nilifunua gauni. Tumboni kulikuwa na vipele vichache, na kiunoni alama tatu nne zilizokwisha kukauka. Nikajiambia, vipya na vikavu pamoja, hii ni tetekuwanga. Tena mtoto anacheka, homa imemtoka.

Mama yake alisema homa ilikuwa kali siku tatu nzima kabla upele haujatokea, na kwamba mtoto alikuwa akililia mgongo. Nilisikia. Nilikuwa nimeshachovya kalamu kwenye wino.

Mama Nyamizi akasimama na ufagio wake.

"We Petro, viganja umevitazama?"

"Vina hina, mama."

"Hina nimeiona. Nakuuliza, umevitazama?"

Nikamwambia aendelee kufagia. Nilimwambia hivyo mbele ya wagonjwa, mtu mwenye umri wa mama yangu. Kisha nikaandika: mtoto huyu ana tetekuwanga, si ugonjwa wa kuzuiwa, apite. Nikatia sahihi, nikagonga muhuri. Bi. Zuhura alinishukuru hadi barabarani, na gari moshi likaondoka nao.

Leo asubuhi kaka yake Bi. Zuhura amemleta binti yake, Tausi. Wote wanaishi nyumba moja, na Tausi na Mwamvua wanalala kitanda kimoja. Huyu hakwenda arusini, kwa hiyo hakupakwa kitu. Homa ilimshika tangu Jumapili, kichwa na mgongo vikimwuma, halafu jana ikapoa na upele ukatoka. Ulianzia mdomoni na usoni, ukaenda mikononi na miguuni. Tumboni ni mchache. Na upele wote ni wa rika moja, hakuna mpya wala wa zamani.

Niliubonyeza kwa kidole. Ulikuwa mgumu, kama choroko iliyoshonewa ndani ya ngozi.

Nikamfungua ngumi. Viganja vimejaa. Tetekuwanga haifanyi hivyo; ndui hufanya.

Kiunoni alikuwa na alama kavu kama zile za Mwamvua. Nikamwuliza baba yake ni nini. Akaniambia ni kunguni, kitanda kile kimewashinda. Hizo ndizo nilizoziona Jumamosi. Nilisoma kunguni, nikaandika tetekuwanga.

Tausi nimemtenga katika kibanda cha nyuma. Mama Nyamizi amejifungia naye bila kuombwa, maana ndui haimrudii mtu iliyekwisha kumla mara moja. Nimewachanja watu wote wa nyumba ile, na majirani waliokubali. Wakati wote huo kichwa changu kilikuwa Kaliua.

Bwana Daktari yuko safarini upande wa Puge na harudi kabla ya Jumamosi. Hakuna wa kuniuliza. Nakala ya cheti sikuweka. Nilikwenda posta kupeleka simu ya maandishi kwa stesheni ya Kaliua, na njiani nilikuwa natunga maneno yatakayomwokoa mtoto na kuniokoa na mimi. Niliandika hivi: mtoto Mwamvua binti Zuhura, mgeni wa arusi, ana ndui, atengwe mara moja. Mwisho sikutia jina langu. Niliandika Zahanati Tabora tu, kana kwamba ukuta ndio uliosema.

Nilikaa kwenye kizingiti cha posta nikisubiri. Watu wakapita wakinisalimia, Bwana Macho, habari za kazi, nami nikaitikia njema.

Jibu lilikuja baada ya adhuhuri. Nimelibandika hapa ili nisije nikajidai baadaye kuwa halikuwa baya hivyo.

MTOTO HOMA IMEMRUDIA. YUMO CHUMBANI MWA BIBI ARUSI NA WATOTO WENZAKE. MAMA AKATAA ATENGWE. ANA CHETI CHA DRESA WA TABORA CHASEMA TETEKUWANGA. ARUSI IJUMAA. TUMWAMINI NANI.

Homa inayorudi vipele vinapoanza kutunga usaha. Daftari la mafunzo linalo neno hilo, ukurasa wa ndui, na nililikariri kwa ajili ya mtihani.

Nawaona kabisa. Chumba kimefungwa madirisha, wanawake wamejaa mkekani, bakuli la hina katikati. Leo au kesho ndiyo siku ya kumpaka bibi arusi. Mwamvua kalazwa mapajani mwake kwa sababu anaumwa na ni wa kudekezwa. Wageni wametoka vijiji vyote vya njia ile ya zamani ya misafara, na Jumamosi kila mmoja atarudi kwake. Mtu mwenye busara akija kuwaambia wamtoe mtoto, Bi. Zuhura ananyoosha karatasi yangu. Ina mwandiko mzuri. Ina muhuri.

Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi tangu nizaliwe.

Nilirudi ndani ya posta nikaomba karatasi nyingine. Nikaandika: cheti ni changu, nami Petro dresa nilikosea, kichaneni, ni ndui, msiruhusu mtu atoke, naja kesho. Karani, ambaye watoto wake wote nimewatibu, alisoma mara mbili. Akaniuliza, "Nipeleke hivi hivi, Bwana Petro? Na jina?"

Nikamwambia apeleke, na jina.

Sijui kama wataamini. Kwa nini waamini simu ya mtu yule yule aliyewadanganya kwa wino? Ndiyo maana lazima niende mwenyewe. Dawa ya chanjo nimeifunga kwa kitambaa kilicholowa maji, ndani ya chungu, isiharibike kwa joto la njiani. Kwenye daftari la wagonjwa nimeandika neno jipya chini ya lile la Jumamosi. La zamani sikulifuta. Bwana Daktari atayakuta yote mawili.

Kabla ya kuja kuandika nilikwenda nyuma, nikasimama mbali kidogo na kibanda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Nikamwambia kila kitu, cheti, kunguni, jibu la Kaliua. Nikamwomba radhi kwa yale ya ufagio. Alikuwa akimpepea Tausi kwa upande wa kanga, na hakuacha.

"Radhi utaomba ukirudi," alisema. "Bi. Zuhura atakukatalia, atakuonesha hina tena. Ukifika usitazame, mwanangu. Shika."

Ni hilo tu. Hina inapaka rangi, haisawazishi ngozi. Jumamosi kile kiganja kilikuwa hapo mbele yangu, upande wa pili wa meza. Ningekishika tu, na mtu kipofu angejua.

Upepo haujatulia. Gari moshi ni kesho asubuhi.

Sasa hivi nimefumba macho, nikapitisha kidole gumba polepole juu ya kiganja changu mwenyewe, toka kifundo hadi ncha za vidole, nipate kujua ngozi nzima ikoje. Ni laini.

Kesho nitashika cha Mwamvua, mbele ya mama yake.