Mtani Amechukua Kofia Yangu ya Kazi, na Mtu Mwingine Yuko Mahabusu

Mpendwa Shangazi Eustadia, shikamoo. Kazi yangu ni kuandika maelezo ya watu wengine, leo naandika ya kwangu, naomba unisaidie na naomba usicheke mpaka ufike mwisho, kwa sababu mwishoni hakuna cha kucheka.

Mimi ni koplo wa polisi katika kituo kimoja cha mjini hapa Tabora, jina lake utanisamehe, nina miaka kumi na sita kazini na mingi kati ya hiyo nimeimaliza kaunta, yaani pale mtu anapoingia anahema na kusema nimeibiwa. Ili unielewe lazima ujue kituo kinavyokwenda, maana raia wanadhani polisi ni mtu mmoja mwenye masikio mengi, kumbe sisi ni vyumba. Kaunta tunaandika kwenye kitabu cha matukio na kutoa namba, namba inakwenda kwa karani anayefungua jalada, jalada linakwenda upelelezi, upelelezi ndio wanaotoka kumtafuta mtu, mtu akipatikana anarudishwa kaunta tumwandike na kumfungia, na juu yetu wote yuko mkuu wa kituo, juu yake mkuu wa polisi wa wilaya, juu yake kamanda wa mkoa, na kila chumba kinafanya kazi yake vizuri sana bila kukiuliza chumba cha jirani kilikuwa na maana gani. Utaratibu huo nilikuwa najivunia hadi wiki iliyopita.

Ijumaa tulimzika baba yangu mdogo, mzee Luhende, msiba ulikuwa kwake Chemchem. Niliomba ruhusa ya siku tatu nikapewa saa tatu, wala si kwa ubaya, zamu yetu ni ya watu tisa na tulikuwepo wanne, wawili wako kozi, wawili wameazimwa kulinda masoko ya tumbaku, mmoja ana mtoto mchanga, na mimi nilikuwa nimetoka kukaa kaunta saa kumi na mbili mfululizo nikitakiwa kurudi kwenye lindo la benki. Nikaenda msibani na sare, kwa sababu kupita line, kwenye nyumba zetu za polisi, kubadili nguo kungekula saa nzima katika zile tatu.

Watani wetu Wazaramo walikuwa kazini. Wewe ni wa hapa, unajua, sisi Wanyamwezi na wao tuna utani tangu mababu zetu walipokuwa wakibeba mizigo ya misafara kutoka huku mpaka pwani, na mtani msibani anaruhusiwa asichoruhusiwa mwingine yeyote. Kiongozi wao ni Bi Zuena, mama wa makamo anayeuza karanga sokoni, amezaliwa hapa hapa Tabora lakini Uzaramo wake haujapungua hata kidogo. Nilikuwa nimeinama kumpa mkono mama mdogo, ndiye mjane, Bi Zuena akanivua kofia, akaivaa juu ya mtandio wake, akalipigia jeneza saluti na kusema, "Mzee Luhende, umeondoka lindoni bila ruhusa, rudi uandike maelezo." Mama mdogo alikuwa hajainua kichwa tangu asubuhi, lakini alicheka mpaka akashika mbavu, na mimi nilicheka na kulia kwa pamoja, nakuapia.

Muda wangu ulipokaribia kwisha nikaomba kofia yangu. Bi Zuena akasema kofia ina ukombozi wake. Nikamwahidi kuku, akakataa mbele ya watu wote. "Mnyamwezi hajikomboi kwa kuku," akasema. "Nina nusu gunia la karanga pale sokoni. Utalibeba begani, kwa miguu, mpaka kwangu hapa Chemchem, mchana watu wakuone, kama babu yako alivyombebea babu yangu mpaka Bagamoyo. Na uje bila sare, usije ukasema ni serikali iliyobeba." Watu wakapiga vigelegele msibani, mimi nikaona haya, Shangazi, mimi ni koplo, mtaa ule ule wa kwenda Chemchem kuna vijana watatu nimewahi kuwafunga pingu, nikasema nitakuja siku nyingine, nikaondoka kichwa wazi.

Mkuu wetu wa kituo ni mgeni, ametoka mkoa wa mbali mwaka huu, ni mtu anayenyoosha hata foleni ya kuku. Akaniuliza kofia iko wapi. Ile kofia ina nembo ya jeshi, kuipoteza ni mashtaka ya nidhamu, na jina langu limo kwenye orodha ya kozi ya usajenti ambayo nimeisubiri miaka minne na inathibitishwa Jumatatu ijayo. Ningesema nini, kwamba ameivaa muuza karanga? Nikasema imenyakuliwa karibu na soko na mtu asiyefahamika. Maneno hayo nimewaandikia watu wengi mno, siku hizi yanatoka yenyewe kinywani. Akasema, "Kaandike." Nikaenda kaunta nikajiandikia, mlalamikaji mimi, mpokea malalamiko mimi, na namba nikajipa mimi. Niliangalia kama kuna pa kuandika mtani, kitabu kina safu ya mlalamikaji, ya kosa na ya mtuhumiwa, mtani hayumo.

Kwa uzoefu wangu jalada la mtu asiyefahamika hulala usingizi mnono. Nilisahau kwamba kofia ya polisi si bata wa raia. Upelelezi wana majalada ya mwaka juzi hawajayafungua, lakini hili walipata mtu kwa siku tatu. Anaitwa Mabruki, anauza mitumba, na ndani ya robota lake kulikuwa na kofia ya buluu ya kiaskari ya nchi nyingine huko, ina tundu mahali nembo iliponyofolewa. Walipomleta Jumatatu mwenye zamu kaunta nilikuwa mimi. Nikamwandika mwenyewe, nikamvua mkanda na viatu mwenyewe, nikafunga mlango. Mpelelezi ameniletea ile kofia niitambue, nikasema sina hakika, na yeye akaandika "mlalamikaji hakukana". Dhamana wamemnyima eti ataharibu ushahidi, na Jumatatu ijayo anapelekwa mahakamani.

Mke wake anaitwa Najiat, kila mchana anamletea chakula. Utaratibu wetu ni kwamba aliyeleta chakula hukionja kwanza mbele ya askari. Anaonja, ananifunikia bakuli vizuri, jana akaniambia, "Afande, humu ndani wewe peke yako ndiye unasema na mimi kama mtu. Mungu akupandishe cheo." Nikaingia stoo ya vielelezo nikakaa juu ya baiskeli ya watu nikalia.

Sasa nikisema kweli kuhusu Bi Zuena, naogopa upelelezi watamfuata yeye, na nikimtia mtani wangu mahabusu hakuna Mzaramo atakayekanyaga tena kwenye misiba yetu, na mama yangu yuko Isikizya anaumwa. Nikisema nimedanganya, kozi imekwenda, labda na tepe zangu mbili, labda na vyumba vyetu viwili vya line ambamo nina watoto watano. Nikinyamaza, Mabruki ndiyo hivyo. Mke wangu Nyamizi hajui lolote, anadhani sili kwa ajili ya msiba. Nishauri, Shangazi, leo ni Jumatano na sijalala vizuri.

Ni mimi, Koplo Kichwa Wazi, Tabora.

*

Koplo, marahaba. Umeniomba nisicheke mpaka mwisho, nimeshindwa. Nilicheka pale alipocheka mjane, kisha nikaacha.

Gazeti linatoka Jumamosi na mahakama ni Jumatatu, kwa hiyo barua yako nimeipitisha mbele ya foleni, mbele hata ya mama wa Ziba anayelalamika kwamba mumewe anawajua ng'ombe wake wote kwa majina ila watoto anawachanganya. Mama, nisamehe, ng'ombe hawaendi popote. Majina yaliyomo humu nimeyabadilisha, ingawa Tabora ni ndogo na Bi Zuena atajitambua kabla hajafika katikati.

Kwanza pole. Pole ya msiba na pole ya kazi, zote mbili kwa moyo mmoja. Marehemu mume wangu alikuwa askari, nimeishi line miaka kumi na tisa, najua kuta zile zinavyopitisha kikohozi cha jirani. Siku nilipojifungua mwanangu wa pili baba yake alikuwa lindo, analinda ghala ambalo ndani yake hamkuwa na kitu, na kila mtu alijua hamkuwa na kitu. Saa tatu za kumzika baba mdogo ni aibu, na aibu hiyo si yako. Ungeniandikia kuhusu hiyo tu ningekutetea mpaka wino uishe.

Lakini usinijie hapa na vyumba vyako. Umenieleza kwa raha jinsi kaunta isivyojua ya karani na karani asivyojua ya upelelezi, nami nikahesabu: mlalamikaji ni wewe, mwandishi ni wewe, aliyemvua Mabruki viatu ni wewe, na mwenye ufunguo ni wewe. Chumba kilikuwa kimoja na uliyekuwamo unajua kila kitu. Utaratibu wenu haukukosea hata hatua moja, Koplo, ulifanya kile ulichouambia. Na hiyo dua ya Najiat usithubutu kuiitikia.

Unaniambia unamlinda Bi Zuena. Bi Zuena hakukuomba ulinzi. Mwizi huchukua kitu kwa siri, naye hataki kukirudisha. Yeye amechukua mbele ya waombolezaji wote, marehemu akiwemo, akatangaza na masharti ya kurudisha. Kaulize kwa mwanasheria yeyote mwenye akili kama hiyo ni kesi. Unachokilinda ni haya yako, na umeificha nyuma ya mtandio wa mama wa watu. Tena mkuu wako wa kituo umemdharau bure. Anatoka kwao, na kwao kuna misiba, na kwenye misiba hiyo kuna watu wanaoruhusiwa kumnyang'anya hata yeye kofia. Hakutolewa stoo ya mkoa pamoja na buti. Hukumjaribu kwa ukweli hata mara moja, sasa unamwogopa kwa jibu ambalo hajatoa.

Haya, nisikilize. Ukimaliza kusoma, mwite Nyamizi mwambie yote. Usingoje. Mke wa askari akizipata habari za mumewe bombani, kutoka kwa mke wa askari mwingine, hasamehi, nami nasema ninachokijua. Kisha leo leo nenda kwa mkuu wako, piga saluti hata kama kichwa ni kitupu, na usianze na kofia. Anza na Mabruki. Sema, "Afande, yule mtu hana kosa, nilidanganya." Usiseme kulitokea mkanganyiko wa maelezo, hicho ni Kiswahili cha kaunta na yeye anakijua kuliko wewe. Andika maelezo mapya kwa mkono wako, yale ya zamani yaache yalivyo, usichane ukurasa. Kitabu hakina safu ya mtani, sawa, lakini pembeni kina nafasi. Simama hapo mpaka mlango ufunguliwe, na mkanda na viatu umrudishie wewe uliyemvua.

Ukitoka hapo nenda kwa Najiat, nyumbani kwake, mkiwa pamoja na Mabruki. Mwambie ni nani aliyekuwa akimwangalia akionja chakula. Akikutukana, nyamaza. Akikuuliza kwa nini, usitaje kozi.

Kozi utaikosa, sikudanganyi. Tepe huenda moja ikabanduka. Mume wangu alistaafu na tepe moja, watoto wake walisoma, na alipokufa line nzima ilikuja kuzika, watani wa kila kabila walimaliza sahani zangu kwa kuzivunja. Wewe ungependa uzikwe na nani, na orodha ya kozi?

Ukishindwa, mimi Jumatatu asubuhi nitakuwa mahakamani, benchi moja na Najiat, na barua yako iko mkobani mwangu. Umeandika vizuri, mwandiko unasomeka hata bila miwani.

Ukifanya, basi kesho Jumapili ukitoka kanisani vaa shati la nyumbani uende sokoni kwa Bi Zuena. Chukua lile nusu gunia la karanga, liweke begani, pita mtaa ule ule wenye vijana wako watatu wa pingu, wasalimie, na usikimbie. Unasema unaona haya kubeba mzigo mbele za watu. Mnyamwezi mwenzangu, babu zetu walibeba mizigo isiyo yao mpaka baharini, miezi kwa miezi, na wakarudi. Wewe wako mwenyewe, wa kutoka sokoni mpaka Chemchem, umembebesha Mabruki.