Jina la Mama Kwenye Kitabu cha Ushonaji

Kimamba,
4 Juni 1972

Shikamoo Shangazi Magreti,

Huku mahindi yamekauka vizuri. Juzi nilinunua kitabu kikuukuu cha ushonaji sokoni Kilosa. Ndani kimeandikwa kwa wino: “Paulina Cornel, Berega, 1949.” Jina la mama! Mama huyuhuyu anayeweka dole gumba kila mahali badala ya saini, na mwaka huu yuko darasa la kisomo cha watu wazima anaanza na a, e, i, o, u.

Nikamwuliza. Akasema, “Ni changu. Marehemu baba yako hakutaka mke anayesoma. Nikakiuza, nikajifanya sijui kusoma hadi leo.”

Kisha akanisomea kurasa mbili bila kukwama.

Shangazi, ulijua kaka yako alimkataza? Tujibu, ila bahasha iandike jina la mama. Anataka kuifungua mwenyewe.

Mimi mwanao,
Sesilia