Picha ya Mwenye Mwamvuli

Nyumbani, chumba cha uani
Jumatano, tarehe 9

Mpendwa mwanangu,

Nakusalimu kwa moyo wangu wote. Mgongo umepoa? Mkwe wangu na mapacha hawajambo? Sisi huku tunapumua. Baba yako miguu inamsumbua, ila mdomo mzima. Usinicheke mwandiko, shule yangu unaijua.

Mwanangu, ni zile picha zako za zamani, za marais na mikutano yao ya hadhara. Ukuta wa chumba chako umeshika unyevu, nikaogopa zitaoza. Jumatatu nikazitandaza barazani zipate jua. Wapita njia wakasimama, wakacheka zile suruali pana za wakati ule. Mmoja akazipiga picha kwa simu yake. Sikujali.

Jana wakaja wanaume wawili, viatu vinang'aa, heshima tele, shikamoo mama. Wakapekua zote mpaka ile ya ufunguzi wa daraja, rais wa zamani anakata utepe na kijana mwembamba amemshikia mwamvuli. Nikawaambia baba yako humwita Bwana Mwamvuli, maana siku ile hata mvua haikuwepo. Hawakucheka.

Mmoja akaitia ndani ya koti. Nikaudhika, nikasema, "Chukueni tu, mwanangu ana nakala huko aliko, na Ijumaa ya mwisho wa mwezi anakuja." Nimekuponza kwa mdomo wangu mwenyewe, baba.

Akaniuliza polepole, "Anakuja na basi gani, mama?"

Hapo ndipo akili ilinijia. Kijana yule wa mwamvuli ndiye huyu anayegombea urais sasa, anayeapa majukwaani kwamba hakuwahi hata kumsogelea yule mzee. Nikasema basi silijui. Wakaomba simu yangu, wakanakili namba yako, wakaaga vizuri kabisa.

Ndiyo maana sikupigii. Barua hii anakuletea shemeji yako na lori lake. Usinijibu kwa simu.

Leo asubuhi karani wa mabasi, yule uliyesoma naye, kanipita sokoni bila kunitazama. Kasema chini chini kwamba jina lako limeulizwa kwenye orodha ya abiria.

Baba yako anataka tuchome zilizobaki. Nimeshindwa, najua ulivyozihangaikia. Nimezishonea ndani ya godoro, sasa nalalia marais. Usingizi wenyewe uko wapi.

Usije, mwanangu. Miaka minne nakuomba uje, leo mimi mwenyewe nakukataza. Ukiambiwa mama yako mahututi, usije. Hata ukisikia ni sauti yangu inakuita kwenye simu, usije.

Baba yako anakusalimu, na dada yako mshonaji na wanawe pia. Niwekee mkono kichwani kwa kila pacha. Mungu akuzibie njia zote za kuja huku mpaka haya yapite.

Wako akupendaye kuliko macho yake,
Mama