Kila Signe Akituma Kazi, Taa Inawaka Nyekundu

Mshauri wangu, maji yamenifika shingoni hapa mjini Aarhus, nisaidie. Mimi natunga programu za maghala, chuo sikukanyaga, nilijifundisha mwenyewe baada ya zamu ya kuosha vyombo hotelini, na ni mimi niliyefanya majaribio yetu mia nne, yale yanayokagua kazi kabla haijamfikia mteja, yaende manane kwa wakati mmoja badala ya moja moja, tukashuka kutoka dakika arobaini hadi sita, wakanipigia makofi, na wiki hiyo hiyo akaajiriwa Signe, basi majaribio yakaanza kuanguka ovyo, leo hili kesho lile, na nikiliendesha lililoanguka peke yake linapita kama halijawahi kuugua. Usidhani ni uzembe wangu, maana nimeyapangia yote folda moja safi yenye faili moja la stakabadhi, kila jaribio linaandika humo, linasoma, linalifuta. Kwetu aliyewasha taa nyekundu, ile inayowaka jaribio likianguka, ndiye anayeleta mikate ya Ijumaa, na Signe kwa kuwa anatuma kazi mara tano kwa siku, sisi mara moja, ameileta wiki nne mfululizo, wenzangu wanamtania, “Dada, safari hii usisahau ile ya mbegu,” yeye anacheka, mimi sicheki, nikamwambia bosi wetu Gorm asimthibitishe kazini kipindi chake cha matazamio kikiisha Ijumaa hii. Jana Signe akanijia mezani: “Villads, bwana, nionyeshe basi mstari niliokosea.” Nikapekua kazi zake zote, sikuuona. Je, nimemwonea?

Villads, Aarhus

Ndiyo, Villads, umemwonea. Pole kwa uchovu, ila huruma yangu inaishia hapo. Mtu wa hesabu kama wewe, hii imekupitaje? Manane yanagombea faili moja: hili linaandika, jirani yake anafuta, la tatu linakuta patupu na kuanguka. Likiwa peke yake linapita kwa sababu hakuna wa kulifutia. Ugonjwa ulianza siku ya makofi yako, na anayetuma mara tano lazima umkute zaidi ya anayetuma mara moja.

Kila jaribio lijifungulie folda yake yenye jina lisilojirudia, liandike humo tu, likimaliza lifute ya kwake na lisiguse ya mwenzake. Usirudi kwenye moja moja ukajidai umetibu. Kisha vuruga mpangilio wa majaribio, yaendeshe yote mara hamsini, ndipo useme yamepona.

Lakini hiyo ni kazi ya baadaye. Leo, kabla hujawasha kompyuta, nenda kwa Gorm useme kosa ni lako, Signe akiwepo anasikia. Utaona aibu, na unastahili. Jaribio lililoanguka utalirudia upendavyo; mtu aliyefukuzwa kwa kosa lako, Jumatatu yuko kwa washindani wenu.