Uji wa Chekechea

Tarehe 3 Februari

Mwanangu Profesa,

Natumai u mzima na kikohozi kimekuacha. Sisi hatujambo, goti langu tu ndilo linalodai haki zake. Nakuandikia kwa sababu mimi na simu hatuivi tangu sikio lizibe.

Wazazi wa chekechea ninakopika wamenijia juu. Wanasema kiwanda cha ngozi kinamwaga taka kwenye mashimo nyuma ya ukuta, na taka zitaingia kisimani kwangu. Visima vya jirani vimeshaingiwa na chumvi ya bahari. Changu bado kitamu, na ndicho ninachopikia uji wa watoto. Wewe ndiye uliyesomea mwendo wa maji ya chini. Nipike au nisipike?

Shangazi yako

Tarehe 19 Februari

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Kikohozi kimekwisha, kazi ndiyo haiishi. Lipe goti pole zangu.

Swali lako nimeliingiza kwenye kompyuta. Tumeigawa ardhi ya mwambao wote kuwa vyumba vidogo vidogo, kila chumba tukakipa aina ya udongo na kasi ya maji. Kisha tunaziachia taka kutoka kwenye mashimo ya kiwanda na kutazama zinakokwenda. Sikufichi, zinaelekea kwenu, lakini zinatambaa. Hazitafika kisimani kabla watoto hao hawajapata watoto wao. Pika bila wasiwasi. Nitumie tu chupa ya maji niipime, roho itulie.

Mwanao

Tarehe 8 Machi

Profesa wangu,

Hujambo? Hapa neema tupu. Barua yako niliwasomea wazazi wote, nikatamba kidogo, unisamehe. Watu wameinakili, inatembea mtaa mzima. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara alikuwa tayari kuwahamisha mapacha wake. Aliposikia, akasema, "Kama ni mtoto wako aliyesema, basi." Wamebaki. Yule wa kike anamaliza vikombe viwili vya uji na bado anaitazama sufuria.

Chupa ya maji nimempa dereva wa basi akuletee.

Shangazi yako

Tarehe 2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu. Funga kisima. Nimempigia mwalimu wa chekechea, simu haipatikani, ndiyo maana nampa dereva barua hii.

Maji yako yana kromu, dawa wanayotengenezea ngozi, kupita kiasi anachopaswa kunywa mtu. Pale ambapo sikuwa na vipimo vya chini ya ardhi, kwenye kompyuta nilijaza mchanga. Chini yenu si mchanga. Ni mwamba wa matumbawe wenye mianya, na humo maji hayatambai, yanakimbia. Mkuu wangu anataka tunyamaze hadi ripoti ipitishwe. Sikumsikiliza. Waambie wazazi kosa ni langu.

Mwanao

Tarehe 11 Aprili

Mwanangu,

Umekula? Kula kwanza.

Kisima nimekipigilia mbao. Wazazi niliwaita, nikasema yote. Nilitaka kusema kosa ni lako kama ulivyoagiza, mdomo ukakataa. Nikasema tulikosea. Hakuna aliyepiga kelele. Fundi cherehani akaniuliza taratibu, "Sasa siku ile ulitusomea nini?"



Pacha wa kike yuko hospitali. Amevimba uso, mkojo hautoki. Daktari hajasema ni maji. Hajasema pia kwamba si maji. Kiwandani wanasema mashimo yao ni salama, na kuthibitisha wamebandika getini nakala ya barua yako ile ya mwanzo.

Shangazi yako

Tarehe 20 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Chakula hakipiti. Mtoto anaendeleaje?

Matokeo ya chupa nimeyapeleka idara ya afya bila ruhusa ya mkuu wangu. Jana alinitaka nirudishe funguo za ofisi. Nakuja kwa basi la Ijumaa, nisimame mbele ya wazazi, kisha niende pale getini niibandue barua yangu kwa mkono wangu. Mwambie fundi cherehani nataka kuonana naye, hata akinifukuza.

Mwanao

Tarehe 22 Aprili

Mwanangu,

Usije Ijumaa. Ijumaa tunazika.

Njoo Jumamosi. Ujumbe wako nimemfikishia fundi. Nilimkuta kwenye cherehani, anamshonea mwanawe nguo ya mwisho, na hakuna aliyethubutu kumpokea ile kazi. Hakuinua kichwa. Alisema habari za mwamba na mchanga hataki kuzisikia. Anataka umjibu jambo moja: huyu pacha aliyebaki, aliyekunywa uji uleule, yeye baba amtazame kwa macho gani kila mtoto anapoamka?

Nilimwambia utakuja. Zaidi ya hapo sikumwahidi kitu.

Shangazi yako