Malewa Mazito ya Shangazi Kulusumu

Mafubira, Jinja.
Jumatatu, 6 Oktoba 2025.

Mpendwa dada Nulu,

Asalaam aleikum. Hujambo wewe huko Nakaloke? Na mguu wa shangazi Kulusumu umepungua kuvimba? Sisi huku tuko salama, mvua inatupiga kila jioni, mama yangu anakusalimu, safari yako anaiota kuliko wewe. Mimi ni mzima, ila tangu jana nina wasiwasi. Sababu utaiona huko chini. Usisome mbele ya watu.

Kwanza Malaysia. Najua utacheka, ati Bruhan ambaye hajapanda hata ndege anafundisha watu safari. Lakini katika hiki kibanda changu cha kompyuta nimewajazia watu fomu mpaka nimejua mambo, na nisichojua natazama kwenye video. Kadi ya njano ya chanjo iweke pamoja na pasipoti, si kwenye begi kubwa. Ukitoka Uganda wataiulizia. Fomu yao ya kuingia inajazwa kwenye mtandao siku tatu kabla ya kufika, hiyo niachie mimi.

Joto la Kuala Lumpur linakutoa jasho hata umekaa, lakini ndani ya mabasi na maduka wanaweka baridi ya mlimani Kapchorwa, kwa hiyo beba sweta. Soketi zao zina matundu matatu kama zetu, adapta ya nini? Maji ya bomba usinywe. Mbu wa huko wanauma mchana na wanaleta homa ya dengi, jipake dawa hata kama jua linawaka. Kula ni kwa mkono wa kulia, viatu vinavuliwa mlangoni, hapo utakuwa nyumbani kabisa. Kuna tunda linaitwa duriani, linanuka mpaka hoteli zinalikataza. Mwambie shemeji Sulait, kama masomo hayajamgeuza Mmalaysia, mlile nje.

Sasa sikia. Jana uliponipigia ulisema kitu kwa kupita tu, kama mtu anayesema amenunua chumvi. Shangazi amekupa kifurushi cha malewa umpelekee mtoto wa rafiki yake, kimeshonwa, usikifungue, kidogo lakini mkono unachoka. Nikaitikia tu. Baadaye nafunga kibanda, nikabaki nimesimama na kufuli mkononi.

Dada, malewa yalianza lini kuwa mazito? Machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi! Wewe na mimi tulibeba gunia zima kutoka sokoni Mbale, tukakimbia nalo!

Nikapiga tena. Tangu simu yako ivunjike unatumia ya shangazi, basi akapokea yeye. Nikauliza huyo rafiki ni nani.

“Bwana mmoja ana duka la jumla mjini. Mtu wa swala tano.”

Na mtoto wake anaitwa nani?

“Wewe Bruhan, umeshapanda ndege gani? Mtu akisafiri, watu wanamtuma, ndivyo tulivyokua. Sasa unataka nimkague mwenzangu mzigo wake kama polisi?”

Akakata.

Simsemi vibaya. Ndiye aliyekulea tangu mama yako afariki. Nafikiri hata yeye hajui kilichomo, naye alikipokea kimeshonwa. Hapo ndipo naogopa zaidi, maana wewe huwezi kumwambia hapana. Lakini Malaysia mtu akikutwa na dawa za kulevya wanaweza hata kumnyonga, dada. Useme ulitumwa na shangazi, nani atasikiliza? Begi ni lako. Tena uliniambia atakayekipokea uwanjani huko Malaysia ameshatumiwa picha yako. Yeye anaijua sura yako. Wewe hujui hata jina lake.

Nakuomba, usigombane naye, wala usikifungue peke yako. Mwambie tu kwamba uwanjani Entebbe watakata nyuzi, heri zikatwe nyumbani mbele yake. Alhamisi nakuja na basi la kwanza, nina wembe, sindano, uzi mweusi na mweupe. Yakiwa malewa, kipande kimoja utakichemsha nikile, mengine nitayashona, kisha nitampigia shangazi magoti anitukane mpaka achoke. Yasipokuwa malewa, tunakwenda polisi sisi watatu, yeye mwenyewe aeleze nani alimpa. Ndege ni Jumamosi, tuna siku.

Barua hii naipitisha kwa Jovia, jirani yetu anayekuja Mbale kununua vitenge. Nimemwambia akupe mkononi, si kwa mtu mwingine. Yeye hajui kitu.

Msalimie rafiki yako Nakisige, na mzee Yekosofati hapo jirani. Na shangazi, ndiyo, msalimie sana. Mungu akufikishe kwa mumeo, akurudishe Nakaloke ukiwa na vitu vyako tu begini.

Wako akupendaye,
mdogo wako Bruhan.

N.B. Huenda shangazi amemwambia huyo bwana kwamba nauliza maswali. Akija kukichukua kifurushi chake kabla sijafika, mpe, usimuulize kitu. Hilo nalo litakuwa jibu.